Mama alipomaliza kemo ndipo nyumba ilipougua: kisa cha familia moja Kisauni

Kisa hiki nakieleza kwa urefu manake kila nikikisimulia kwa ufupi watu huniuliza "lakini si alipona?" na swali hilo hilo ndilo lililowaumiza watu wa nyumba hii. Wenyewe wamenipa ruhusa, majina sitaji, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili hata jirani asiwatambue. Mimi ni kaunsela wa kujitolea, nakaa na watu waliopitia saratani na jamaa zao hapa Mombasa, na kitu cha kwanza ninachouliza nikiingia nyumba ya watu si ugonjwa umefikia wapi, nauliza nani analala saa ngapi na nani anaamka saa ngapi.

Nyumba yenyewe iko Kisauni, upande wa Mtopanga. Mama ana miaka 47. Baba ni dereva wa trela, anapakia bandarini hadi Malaba, wakati mwingine anavuka mpaka Kampala, kwa hivyo nyumbani yuko siku chache kwa mwezi. Binti mkubwa ana miaka 23, kuna kijana wa 17 yuko sekondari, na kitinda mimba wa miaka 9. Mama alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, wateja wake ni watu wa bodaboda na wanafunzi, mtaa mzima unamjua kwa mahamri yake. Mwaka 2023 akaona uvimbe titi la kushoto, akakaa nao miezi kadhaa akidhani ni jipu, mwisho akaenda, ikapatikana saratani ya hatua ya pili, ile aina inayolishwa na homoni. Titi likakatwa pamoja na tezi za kwapani, akapigwa kemo, zile dawa kali za kuua saratani, mizunguko minane, akapigwa mionzi, halafu akaandikiwa tamoksifeni, dawa ya kuizuia ile homoni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5 na pengine hadi 10.

Wakati wa matibabu nyumba haikukaa tupu hata siku moja, hilo lazima nilisema. Shangazi anavuka feri kutoka Likoni na sufuria ya wali, akina mama wa chama wanakuja kwa zamu kufua, kuna grupu ya WhatsApp ya mchango, msikitini wanamwombea, jioni kuna kisomo sebuleni. Binti alikuwa mwaka wa pili chuoni akasema atasimama muhula mmoja tu amuuguze mamake. Ule muhula mmoja ukawa mwaka na zaidi. Akawa anaamka saa tisa usiku kukanda unga ili biashara isife, saa moja ashamaliza kuuza, saa mbili yuko kwenye matatu na mama kuelekea kliniki, mchana foleni ya damu, foleni ya duka la dawa, foleni ya bima, na Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya serikali, ilipogeuka SHA yeye ndiye aliyesimama kusajili familia nzima upya na kuuliza kila siku kama mama bado analipiwa. Usiku ndoo kando ya kitanda, kutapika, kusafisha, kubadilisha shuka. Kila mgeni akiingia alimwambia mama "Mashallah, una bahati umezaa binti". Hakuna aliyemuuliza yule binti yeye mwenyewe yu hali gani.

Novemba 2024 daktari akasema matibabu makubwa yamekwisha, sasa ni vidonge na kuja kuangaliwa baada ya miezi mitatu. Ikapikwa pilau, ikasomwa dua, watu wakalia kwa furaha. Halafu wakaenda zao. Sisemi kwa lawama, watu wana maisha yao na walijitolea vya kutosha, lakini hebu angalia ilivyotokea, ndani ya wiki mbili grupu ya mchango ikafungwa, zamu za kufua zikaisha, shangazi akarudi kuuza samaki wake, na kliniki iliyokuwa ikimuona mama kila baada ya wiki tatu sasa haimuoni mpaka Februari. Hospitali yenyewe nayo, kwa muda wote huo, ilikuwa na mtu wa kumuuliza "umelalaje, umekula nini", na mtu huyo hayupo tena. Yule mama aliniambia baadaye kwamba alimkumbuka nesi wa chumba cha kemo kama mtu anavyomkumbuka dadake, na aliona haya kusema kwamba anaikosa kliniki.

Kilichofuata kilianza taratibu mno hata wenyewe hawakukiona. Mama akaanza kuamka usiku amelowa jasho, moto unapanda kifuani hadi usoni, moyo unamwenda mbio, halafu baridi. Ikawa mara tano mara sita kwa usiku. Na huo ni msimu wa kaskazi, Desemba na Januari, Mombasa nzima inalia joto, watu wanalala sebuleni sakafuni, kwa hivyo akisema nahisi joto anajibiwa "sote". Usingizi ukaisha. Kila asubuhi akioga anajipapasa kovu, anapapasa titi lililobaki, anapapasa kwapa, halafu mchana anarudia, mgongo ukimuuma anasema kimoyomoyo imefika kwenye mfupa. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kwa sababu ya zile tezi zilizotolewa, unga hawezi tena kuukanda kwa nguvu, yaani kazi iliyompa jina mtaani hawezi kuifanya. Kukawa na harusi ya binamu upande wa Majengo, akina mama wanajiandaa usiku wa kupamba, magauni yanashonwa, yeye akasema kichwa kinamuuma. Baadaye nikajua alijaribu gauni mbele ya kioo akalivua akalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku.

Binti naye alianguka kivyake. Jambo hili nimeliona kwa wauguzaji wengi, wanasimama wima mwaka mzima, siku ya kuambiwa pumzika ndiyo wanayoporomoka. Akaanza kuumwa na kichwa kila siku, moyo unadunda akiwa amekaa tu, tumbo linamchoma, anamfokea mdogo wake kwa kijiko kilichoanguka halafu anajifungia chooni analia. Saa tisa anaamka kwa mazoea hata siku asiyouza. Akaenda zahanati moja, akapimwa presha ikawa sawa, akaambiwa ni madonda ya tumbo akapewa dawa za kupunguza asidi, akarudi tena akapewa za maumivu, akarudi mara nyingine akaambiwa apunguze mawazo. Apunguze vipi hakuambiwa. Chuo kilikuwa kimefungua Januari na yeye hakurudi, akiulizwa anasema karo, na karo kweli ilikuwa shida, lakini haikuwa yote.

Siku ya mripuko ilikuwa katikati ya Februari. Binti anatafuta ungo juu ya kabati akakuta mfuko wa plastiki, ndani pakiti za tamoksifeni hazijafunguliwa, za miezi karibu miwili. Mama alikuwa ameacha dawa na kila usiku anapoulizwa "ma, ushameza?" anajibu "n'shameza mwanangu". Binti akatoka nazo sebuleni akazimwaga mbele ya mamake na mbele ya wadogo zake akapiga kelele, "Nimeacha chuo, nimeacha maisha yangu, nawe wataka kufa?" Mama hakujibu. Akaingia chumbani, akakaa siku mbili hali isipokuwa chai, na binti akahamia kwa rafiki yake usiku ule kwa muda, akarudi asubuhi kwa sababu ya mtoto wa miaka 9. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo, wale waliopewa mabegi ya vifaa tangu 2023, ndiye aliyepita akaona nyumba imenuna, akanipigia simu.

Kabla sijafika kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi alisema ni husda, mama alisifiwa sana siku ile ya dua, wasomewe wote wawili. Baba kwa simu alisema tatizo ni pesa, nitatuma. Mjomba akasema binti amekuwa jeuri tangu aanze kushika pesa ya mahamri. Mimi sikukaa kubishana na yeyote. Kisomo kilikuwa kinamsaidia mama, ukisomwa usiku alikuwa analala kidogo, na kitu kinachomlaza mtu asiyelala siwezi kukiondoa, nilimwambia shangazi aendelee na mimi nitaendelea na yangu. Nilichokikataa waziwazi ni lile la jeuri. Msichana aliyembeba mamake mgongoni kumpeleka chooni mwaka mzima akipiga kelele mara moja, ile kelele inataka kusikilizwa kabla ya kukanywa.

Nikaomba nizungumze na kila mmoja peke yake, na hapa nasisitiza kwa yeyote anayefanya kazi hii, msiwakalishe pamoja siku ya kwanza. Kila mmoja alikuwa anachunga asimuumize mwenzake, ukiwaweka pamoja utapata "sijambo" mbili. Nikatumia PHQ-9, ni maswali 9 ya kupima huzuni, kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya chakula, kuchoka, kukosa raha na vitu unavyovipenda, kila swali sifuri hadi tatu, jumla ni 27. Haisemi mtu ana ugonjwa gani lakini inaonyesha nani anahitaji kuonwa haraka, ukifika 10 si jambo la kuacha. Mama alipata 13. Binti alipata 18. Nilipomwambia mhudumu wa afya alishangaa, manake aliniita kwa ajili ya mama. Kadi ya hospitali ina jina la mama, faili ni la mama, miadi ni ya mama, na mtu aliyekuwa na hali mbaya zaidi kwenye ile nyumba hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Kenya mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya elfu 42 kwa mwaka mmoja, na ya matiti ndiyo inayoongoza, sasa nyuma ya wengi wao weka binti, mume, dada, mama mzazi, na ujiulize ni wangapi waliwahi kuulizwa swali moja.

Swali la tisa linauliza kama umewahi kufikiria ni bora ufe au ujidhuru. Binti alinyamaza kwa muda akasema, "Siku nyingine natamani nilale tu nisiamke, aunti, si kwamba nitafanya kitu, nimechoka tu." Sikumwambia usiseme hivyo wala sikumtajia dhambi, nilimuuliza moja kwa moja kama amefikiria njia, na akasema mara mbili aliangalia zile dawa za maumivu za mamake zilizobaki. Watu wanaogopa kuuliza hivyo wakidhani watamtia mtu wazo kichwani, sivyo, kuuliza hakumtii mtu wazo, kunamfungulia mlango. Siku hiyo hiyo tukafanya mambo ya kawaida kabisa, dawa zote zikaenda kwa shangazi kwenye boksi la kufuli, rafiki yake akaja kulala naye, namba ya Msalaba Mwekundu 1199 ambayo ni bure ikaandikwa ukutani jikoni na kwenye simu yake, na kesho yake tukaenda naye kwa daktari. Aliniuliza kama atashtakiwa. Alikuwa na haki ya kuuliza manake kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwa kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, na mahakama kuu ilikibatilisha Januari 2025 tu, mwezi mmoja kabla ya mazungumzo yetu. Nilimwambia hakuna wa kukushika, na niliona mabega yake yakishuka.

Kwa daktari penyewe hakutaka kwenda. "Mimi si mwendawazimu, msinipeleke Port Reitz." Hapa Mombasa ukitaja Port Reitz, palipo na wodi ya wagonjwa wa akili, mtu hafikirii hospitali, anafikiria watoto wa mtaani wakimfuata wakimwimba. Nikamweleza kwamba haendi kulazwa, anaenda kuzungumza na daktari kliniki, anatoka, anapanda tuktuk anarudi nyumbani. Akakubali kwa sharti kwamba mamake asiambiwe kwanza. Daktari akamsikiliza vizuri sana, akamwandikia fluoksetini, dawa ya mawazo, kwa dozi ndogo na akamweleza kitu ambacho natamani kingesemwa kila mahali, kwamba dawa hii haifanyi kazi kesho yake, inachukua wiki mbili nne hata zaidi, na kwa mtu wa chini ya miaka 25 wiki za mwanzo inabidi awe na mtu wa karibu wa kumuangalia kwa sababu mawazo mabaya yanaweza kuzidi kidogo kabla hayajapungua. Kwa hivyo ule mpango wa rafiki kulala naye ukaendelea.

Sasa hapa kuna jambo la hatari ambalo lingetokea bila mtu kujua. Baada ya wiki kadhaa binti akaanza kulala, uso ukarudi, mama akaona. Akamwambia, "Mamangu, nami nipe hizo zako moja moja, naona zimekufaa." Nyumba zetu ndivyo zilivyo, dawa ya mmoja ni ya wote, amoksilini ya mtoto babake anamalizia. Bahati nzuri binti aliniuliza kwanza. Fluoksetini na tamoksifeni haziendi pamoja. Tamoksifeni ikiingia mwilini ini ndilo linaloigeuza kuwa kile kitu chenye nguvu ya kupambana na saratani, na fluoksetini inakizuia kile kimeng'enya cha ini kinachofanya kazi hiyo, paroksetini, dawa nyingine ya mawazo, pia ni hivyo hivyo, ndiyo maana madaktari wengi huziepuka kwa mama anayetumia tamoksifeni na kuchagua nyingine. Yaani mama angekuwa anameza kidonge chake kila siku kwa uaminifu na huku dawa ya kumtuliza inakipunguzia nguvu. Kwa hivyo kama wewe au jamaa yako yuko kwenye tamoksifeni na unaandikiwa dawa yoyote ya mawazo au ya usingizi, itaje tamoksifeni kwa sauti hapo hapo, kwa daktari na kwa mwenye duka la dawa, usingoje waulize.

Nirudi kwa mama, manake watu walikuwa washamwita mkaidi. Nilimuuliza kwa nini aliacha dawa na akanijibu kwa utaratibu mzuri kuliko nilivyotarajia. Kabla ya vidonge hakuwa na moto wa usiku, au ulikuwa kidogo tu. Alipoanza vidonge moto ukaja. Moto na jasho la usiku alisikia kwa jirani kuwa ni dalili ya saratani kurudi. Kwa hivyo vidonge vinairudisha. Akajaribu kuacha, na baada ya wiki chache moto ukapungua. "Sasa niambie wewe," akasema, "ungekuwa mimi ungemeza?" Huyu mama alifikiria vizuri kwa yale aliyoyajua. Kitu kimoja tu ndicho hakuambiwa au aliambiwa siku ambayo kichwa chake kilikuwa kimejaa, kwamba kemo inaweza kuzifunga hedhi kabla ya wakati, na tamoksifeni inazuia homoni isiifikie saratani, na yote mawili yanaleta moto ule ule unaowapata wanawake wanaokoma hedhi. Moto si ugonjwa unaorudi. Moto ni dawa iko mwilini. Nilimwona akilirudia lile neno midomoni bila sauti.

Na ukishajua hivyo utaona hata ile 13 yake si huzuni tupu. Mtu anayeamshwa mara sita kwa usiku kwa wiki nyingi lazima ashuke, awe amepata saratani au hajapata. Nesi wa kliniki akampangia mambo mepesi, dawa ameze saa ambayo moto haumsumbui sana, alale na leso nyepesi ya pamba na nyingine kavu kando, feni, na usiku chai ya tangawizi na pilipili aache. Hilo la chai lilimuuma kuliko yote. Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi akaogopa itakuwaje, lakini kidonge ni kimoja kwa siku, akakiweka wakati wa kufuturu na funga yake haikuguswa. Mkono ukapelekwa kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwa kuukanda na kuuinua. Hofu yenyewe ya kurudi haikuisha na sikumwahidi itaisha, hofu hiyo watu wengi waliopona hukaa nayo miaka. Tulichofanya ni kuipa mipaka, kujipapasa mara moja kwa mwezi si mara kumi kwa siku, na maumivu mapya yakikaa zaidi ya wiki mbili bila kupungua anaenda kliniki hata kama si siku ya miadi, yakiisha kabla ya hapo anayaacha. Alisema kuwa na kanuni kumempa ruhusa ya kutofikiria.

Kuna jambo moja kwa binti lililochelewa kutoka. Siku ya tatu au ya nne ya kukaa naye ndipo aliponiambia kuwa naye hujipapasa. Kila usiku, gizani. Alikuwa anamuogesha mamake huku anaangalia lile kovu na kujiambia hili ni langu pia, ninalingoja tu, na kwa nini nirudi chuo. Pale karo ilikuwa kisingizio kilichosemeka. Nikamweleza ninachokijua, kwamba saratani za matiti zinazorithiwa kabisa ni kama asilimia 5 hadi 10, nyingi hazirithiwi, lakini mama aliyeipata kabla ya miaka 50 ni sababu ya kumwambia daktari mapema ili uangalizi wake upangwe. Hakufurahi, ila alipumua. Hofu aliyoibeba peke yake mwaka mzima ilikuwa na jibu la dakika kumi, na hakuna siku kati ya siku zote alizokaa kwenye benchi za hospitali mtu yeyote mwenye koti jeupe alimgeukia akamuuliza na wewe je.

Baada ya hapo ndipo nikawakalisha pamoja, alasiri, mlango umefungwa, mtoto ametumwa dukani. Sikuwa na maneno mengi. Niliwaomba kila mmoja aseme kitu kimoja alichomficha mwenzake ili asimuumize. Mama akaanza, akasema kwamba alikuwa akisubiri binti alale ndipo alie, na kwamba hakuacha dawa kwa sababu anataka kufa, aliacha kwa sababu anataka kuishi. Binti akasema, "Ma, mimi kuna siku nilikuchukia." Akafunika uso na buibui. Niliogopa kidogo lile neno litatua vipi. Mama akamvuta akamwambia, "Hata mimi nilipomuuguza bibi yako kuna siku nilimchukia, sikumwambia mtu mpaka leo." Wakalia, nami nikawaacha. Kisha binti akamwambia habari ya kujipapasa, na habari ya daktari, na mama ndiye aliyesema kwamba boksi la dawa libaki kwa shangazi mpaka binti mwenyewe aseme lirudi.

Kazi ikagawanywa upya na nakiri hapa ndipo penye faida kubwa kuliko maneno yote yaliyotangulia, manake mtu huwezi kumponya kwa mazungumzo halafu ukamrudisha saa tisa usiku kwenye unga. Nilifuata ule mtindo wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, PM+, ambao ulijaribiwa pia Nairobi na hauhitaji mtu awe daktari, unafundisha kupumua polepole, kuchagua shida moja inayoweza kutatulika, kurudia kidogo kidogo mambo uliyoyaacha, na kutafuta watu wa kukushika mkono. Shida waliyoichagua ilikuwa mahamri. Kijana wa 17 akapewa kukanda, akalalamika wiki moja akazoea, na kumbe anakanda vizuri. Mama anakata na kusimamia mafuta kwa mkono mzima, jina la biashara limebaki lake. Siku mbili kwa wiki hakuuzwi. Shangazi amechukua kliniki zote za mama, na binti alirudi chuo muhula wa Mei kwa karo ya nusu, nusu nyingine baba anaituma.

Baba amebaki kuwa swali. Alikuja Idi, akakaa siku tatu, akanunua friji. Nilizungumza naye nje kwenye kibaraza na akaniambia kwamba akiwa barabarani usiku anaweza kuendesha bila kufikiria, nyumbani hawezi, kwa hivyo anaomba mizigo ya mbali. Nilimwambia amwambie mkewe maneno hayo hayo. Sijui kama alimwambia. Ninachojua ni kwamba mama hajamruhusu aone kovu tangu operesheni, analala na sidiria ambayo fundi cherehani wa Majengo aliishona na mfuko wa pamba upande mmoja, na kitandani kuna maumivu na ukavu ambao umeletwa na dawa na ambao una matibabu, lakini aliona aibu kuutaja miezi sita, akautaja mwishoni kwa nesi wa kike akiwa amegeukia dirisha. Wahusika wa kliniki, jamani, ulizeni nyinyi, mama wa Kisauni wa miaka 47 hatawaanzia hayo mazungumzo.

Harusini alienda, si ile ya Majengo, nyingine baada ya Idi. Alikaa muda mrefu, hakucheza. Alama za PHQ-9 tulipozirudia mwezi wa Juni binti alikuwa 7 na mama 8, swali la tisa sifuri kwa wote, ingawa binti daktari amesema aendelee na dawa kwa miezi kadhaa asizikate kwa sababu anajisikia vizuri, na hilo limekuwa ugomvi mdogo kwa sababu sasa ni mama anayemuuliza kila usiku "ushameza?" Kikundi cha waliopona nilichomtajia mama hajakubali kwenda, anasema hataki kukaa na watu wanaozungumza saratani tu, na sijamshinikiza.

Mamogramu, picha ya kuangalia saratani, ya titi la kulia imepangwa, na tarehe imegongana na mtihani wa binti. Binti alitaka kuomba chuo kimuahirishie. Mama akakataa, akampigia shangazi mbele yetu sote akamwambia siku hiyo avuke na feri ya kwanza.